Tope la Mwaka wa Kumi na Mbili

Asubuhi niliyokwenda kuchimba tope katikati ya maji, mke wangu alinifunga kamba za jaketi la kuelea kama anayemvalisha mtoto sare siku ya kwanza ya shule. Jaketi lenyewe nilikuwa nimepewa jana yake, nikarudi nalo nyumbani ili nijizoeze kulivaa. Lilikuwa la rangi ya chungwa na lilinifika kidevuni.

"Ukizama usiseme hukuambiwa," akasema.

"Mtu akizama hasemi kitu, mama."

"Wengine hawasemi. Wewe utasema."

Nilitembea hadi bwawani nikicheka peke yangu barabarani, mtu mzima wa miaka sabini na moja. Muuza magazeti aliniuliza kama kuna ndege imeanguka. Nikamwambia bado, lakini asubiri.

Nilikuwa msoma kipimo wa bwawa letu kwa miaka thelathini na mmoja, kuanzia mwaka mto ulipozibwa. Naomba niieleze kazi hiyo vizuri, kwa sababu watu hudhani ni kazi ya kukaa. Kila siku saa moja asubuhi nilipanda ngazi za mnara, nikasoma namba iliyopakwa rangi ukutani pale maji yalipofikia, kisha nikateremsha chupa kwa kamba na kuchota. Chupa ilikaa dirishani hadi saa sita mchana, tope likatulia chini, nami nikalipima kwa rula na kuandika. Siku nyingi lilikuwa unene wa ukucha. Nilianza kazi nikiwa na elimu ya darasa la nne, nikastaafu nikiwa na cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, nikikaa dawati moja na vijana wanaolingana na wanangu. Mwandiko wangu uliwahi kuinuliwa juu na mwalimu darasa zima lione. Madaftari yangu ni sitini na mawili, na hakuna hata moja lenye doa la chai.

Mwaka wa kumi na mbili wa bwawa, miti ya vilima vya juu ilikatwa yote, mingine kwa mkaa, mingine kupisha mashamba. Mvua zilipokuja, chupa yangu ilitulia ikiwa na tope la vidole vinne, jekundu kama tofali. Niliandika kipimo, na chini yake nikaongeza sentensi moja: Leo kilima kimeingia bwawani.

Mkuu wa kituo alikuwa mhandisi tuliyemwita Bwana Rula, kwa sababu alipima hata sabuni ya chooni aone imeliwa kiasi gani. Aliniita ofisini. Alisema tope la vidole vinne haliwezekani, akaikata sentensi yangu kwa mstari ulionyooka sana, na pembeni akaandika: Msomaji alilala. Maneno mawili tu. Karani akayasoma, akamsimulia dereva, na dereva akausimulia mtaa. Kwa miaka ishirini na minane nimeitwa Mzee Alilala. Nikipita dukani huulizwa kama nimeamka vizuri. Bwana Rula naye amestaafu, anakaa mtaa wa pili, na kila Jumamosi tunacheza drafti bila kuligusa jambo hilo, isipokuwa nikichelewa kusogeza kete huniambia, "Usilale, jirani."

Sasa mtaelewa nilivyojisikia Daktari alipobisha hodi. Ni daktari wa masomo, si wa sindano. Ni mwanamke anayelingana na binti yangu wa mwisho, anayetembea haraka kana kwamba sakafu ina moto. Anachunguza mashapo, yaani lile tope linalozama na kutulia chini ya maji mwaka baada ya mwaka, ili ajue nchi ya juu ilifanywa nini. Alikuwa amesikia habari za madaftari. Aliyasoma siku nzima sebuleni kwetu, viatu amevua, mke wangu akikisogeza kikombe chake mbali na karatasi kila alipokirudisha.

"Mzee," akaniambia alipolifunga la mwisho, "tope halina sababu ya kudanganya. Nitazamisha bomba hadi chini kabisa, karibu na mnara wako. Kiangazi huacha mstari mweusi, mvua huacha mstari wa udongo. Nitahesabu miaka kama kurasa. Bomba likikubaliana nawe, madaftari haya yanaingia kwenye utafiti na jina lako juu yake."

"Pamoja na sentensi iliyokatwa?"

"Hasa hiyo."

"Na lisipokubaliana?"

Alikuna shavu. "Nitakurudishia, mzee wangu. Siwezi kumbishia mhandisi kwa mdomo mtupu."

Siku hiyo nilisahau kula. Mke wangu alisema ni mara ya kwanza tangu tuoane, na kwamba huyo Daktari aje kila wiki.

Chelezo tulikiazima kwa siku moja. Kilikuwa mapipa manne na mbao zilizofungwa kwa kamba. Tulikuwa watu watatu: Daktari, mimi, na fundi wa maabara, bwana mnene wa makamo ambaye huiweka miwani juu ya paji la uso na kuitafuta siku nzima. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimeyatazama maji yale kutoka juu, kama mtu anayemtazama jirani kupitia dirishani. Leo nilikuwa nimekaa juu yake na yalinilowesha suruali. Nilitamani kumpungia mtu mkono. Nikaupungia mnara.

Bomba lilikuwa la plastiki angavu, refu kuliko mimi. Daktari alilishikilia wima, fundi akaligonga kwa nyundo, na kila pigo lilikitikisa chelezo, na kila kilipotikisika fundi alisema "mama yangu" kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Likashuka, likashuka, likagota. Tukaanza kulivuta, watatu kwa kamba moja. Lilipochomoka chini lilitoa mlio wa busu, busu refu la watu waliokosana zamani, nasi tukaangaliana kwa aibu.

"Ziba chini kwanza," Daktari alisema. "Mzee, wewe ndiye mwenye mwandiko. Utie alama kwenye vizibo. Upande wa chini ni mwanzo wa bwawa, wa juu ni mwisho. Herufi moja moja inatosha, nafasi ni ndogo."

Alinipa kalamu ya wino usiofutika. Niliandika herufi ya kwanza kwenye kizibo cha chini, kubwa, miguu imenyooka, jinsi tulivyofundishwa. Nilikuwa bado naipuliza ikauke fundi alipogeuka kuitafuta miwani yake. Kiwiko kikaigonga nyundo. Nyundo ikasema dubwi, ikaenda zake.

Tulitazama viduara vya maji vikipanuka.

"Ile ilikuwa nyundo?" Daktari aliuliza.

"Ilikuwa," fundi akajibu.

"Tunayo nyingine?"

"Ipo. Iko nyumbani kwa mama."

Sijui nani alianza. Najua Daktari alikaa juu ya mbao akishika mbavu, na fundi alicheka hadi miwani ikamshukia puani yenyewe, akashangaa kuiona. Tulikuwa tumepanga kuchukua mabomba sita, na tulirudi na moja. Nikiwa bado nafuta machozi niliandika herufi ya pili kwenye kizibo cha juu, na naweza kusema ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Tukalilaza bomba kwenye turubai kama mgonjwa, tukapiga makasia hadi ukingoni.

Bomba lilikaa wiki tatu kwenye chumba cha baridi ili tope likaze. Kisha tukaitwa.

Maabara ni chumba kirefu nyuma ya ofisi ya maji, chenye meza ya vigae vyeupe, sinki mbili, na harufu ya ndoo iliyosahauliwa. Nilivaa suti. Madaftari yangu yalikuwa yamepangwa mwisho wa meza ndani ya katoni. Bwana Rula alikuwa amekwishafika, maana Daktari alimwalika kama mkuu wa zamani, na kwenye mfuko wa shati lake ilichomoza rula ya chuma.

"Umeamka vizuri, jirani?"

"Vizuri kuliko wewe. Umevaa soksi mbili tofauti."

Alijitazama miguuni, nami nikahesabu hilo kuwa bao la kwanza.

Fundi alikisoma kizibo kilichokuwa karibu naye, akasema, "Mwanzo huku, kushoto," akavichomoa vyote viwili na kuvitupa kwenye ndoo. Alilipasua bomba kwa urefu, likafunguka kama ganda la haragwe. Ndani yake mlikuwa na miaka yote ya kazi yangu. Mstari mweusi, mstari wa udongo, mweusi, wa udongo, mingine myembamba kama uzi, mingine minene kama kidole. Nilikuwa nimeiandika miaka ile kwa wino, lakini sikujua kwamba huko chini kulikuwa na karani mwingine naye akiiandika.

Daktari alihesabu kwa ncha ya pini, kutoka kushoto. Alifika mwisho akiwa na arobaini kamili, na bwawa lina miaka arobaini kamili. Fundi alipiga meza kwa furaha. Na ule mstari mwekundu ulikuwepo. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Ulikuwa mnene kama kiganja cha mkono, mwekundu kama tofali, umelala kati ya ndugu zake wembamba kama mgeni aliyekuja na masanduku.

"Huo," nikasema. "Huo hapo. Ni mwaka wa ngapi?"

Daktari alihesabu. Akahesabu tena, midomo ikitembea.

"Wa ishirini na tisa," akasema.

Alilifungua daftari langu la mwaka wa ishirini na tisa. Mwandiko ulikuwa wangu, haukuwa na pa kujificha: Maji safi. Nimeona samaki wakipita chini ya ngazi. Kisha aliweka pini kwenye mwaka wa kumi na mbili wa bomba. Palikuwa na uzi mwembamba tu.

Bwana Rula alitoa rula yake, akaupima mstari mwekundu bila haraka. "Kumi na nane," akasema. "Sentimita. Tope lipo, jirani, nakubali." Akaifuta rula kwa leso. "Ila ulilala miaka kumi na saba."

Fundi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Hata mimi, Mungu ananiona, nilitaka kucheka, kwa sababu ilisemwa vizuri. Lakini Daktari alikuwa tayari amelifunga daftari lile na kulirudisha kwenye katoni, polepole, na hakuwa ananitazama.

"Pole, mzee," akasema.

Nikabaki nimesimama mwisho wa meza, upande wa kulia, mahali ambapo mtu husimama asipojua aende wapi. Mbele ya macho yangu palikuwa na ncha ya bomba, na kwenye ncha hiyo palikuwa na kitu cheusi chenye nyuzinyuzi.

"Na hili ni nini?"

"Gugu maji," Daktari alijibu. "Huelea, hufa, huzama. Ndilo la juu kabisa, la mwaka huu."

Sikubisha. Lakini mkono wangu ulikijua kile kitu kabla yangu. Kabla ya bwawa nilikuwa kibarua wa kusafisha bonde. Tulifyeka nyasi, tukachoma visiki vyake, na maji yakaja juu ya majivu. Nilitaka kukiona kwa wima, si kwa ulalo, na kwa kuwa bomba lilikuwa limelazwa, ilibidi nijilaze mimi. Niliweka shavu juu ya vigae, utosi ukielekea kulia, upande wa mwisho.

"Sasa amelala kweli," Bwana Rula alisema.

"Daktari," nikasema nikiwa pale pale, "hizi nyasi zimesimama kwa kichwa."

"Mzee, simama, utapata baridi."

"Mizizi iko juu, majani yako chini. Na majani yameungua. Gugu maji linaunguaje ndani ya maji?"

Nikasikia viatu vya haraka, na uso wa Daktari ukatua kwenye vigae karibu na wangu, shavu chini, jicho moja limefumba. Fundi alikuja upande wa pili, akapandisha miwani, akaishusha. Mwishowe hata Bwana Rula alilaza kichwa chake mezani, kwa heshima zote za mhandisi mstaafu. Mtu angeingia wakati ule angetufungia mlango na kuita msaada.

"Kisiki cha nyasi," Daktari alinong'ona. "Hii ni ardhi ya zamani. Hiki ndicho chini." Akasimama ghafla. "Vizibo viko wapi?"

Fundi aliinama kwenye ndoo. Akatoa kimoja. "M," akasoma. "Mwanzo. Si nilisema?" Akatoa cha pili. Alikigeuza, akakirudisha, akaitafuta miwani iliyokuwa machoni pake. "Hiki nacho ni M."

"Yaani mmeziba pande zote mbili kwa mwanzo?" Bwana Rula aliuliza.

Uso wa fundi ulibadilika. Alimtazama Daktari, akaitazama sakafu. "Labda ni mimi," akasema. "Labda nilichanganya vizibo pale chelezoni. Nyundo nayo nilikwishaitupa."

Niliona alivyokunja mabega tayari kubeba lawama. Kwa miaka ishirini na minane nilikuwa nikingoja watu waliojaa chumba waambiwe kwamba sikulala. Sikuwa nimepanga waambiwe kwa pumzi hiyo hiyo kwamba mwenye mwandiko mzuri kuliko wote hajui kutofautisha juu na chini. Lakini kati ya kuitwa mjinga na kumwacha mtu mwema aitwe mzembe, hesabu haikuwa ngumu.

"Ni mimi," nikasema. "Mwanzo, M. Mwisho, M. Herufi ya kwanza ya kila neno, kama nilivyoambiwa. Nimesoma lugha jioni kwa miaka sita, na sikuliona."

Daktari alijaribu maneno hayo kimoyomoyo, mwanzo, mwisho, nikaiona midomo yake ikikutana mara mbili.

"Nami nilisema herufi moja inatosha," akasema. "Nina shahada tatu."

Hapo chumba kikavunjika. Fundi alishika sinki. Mimi nilicheka hadi tai ikanibana, na Bwana Rula, ambaye sijawahi kumwona akicheka kwa meno, alicheka kwa meno, na anayo mengi kuliko nilivyodhani.

Daktari alihesabu upya, safari hii kutoka kulia. Kisiki cha nyasi. Majivu. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wa kumi. Wa kumi na moja. Pini ikazama kwenye wekundu.

"Kumi na mbili," akasema. Kisha akaenda mbio hadi mwaka wa ishirini na tisa, na hapo palikuwa na uzi mwembamba wa maji safi, kwa sababu wakati huo vilima vilikuwa vimekwishapandwa miti tena, na hilo nalo nililiandika.

Alilitafuta daftari la mwaka wa kumi na mbili kwenye katoni, akalifungua pale penye mstari ulionyooka, akaliweka mbele ya Bwana Rula. Mzee yule alisoma mwandiko wangu, kisha wake. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Siku hiyo sikupanda mnarani," akasema. "Kulikuwa na wageni kutoka makao makuu. Ningewaambiaje bwawa jipya limeanza kujaa tope?" Alinyoosha kiganja. "Nipe kalamu."

Nilimpa ile ile ya wino usiofutika. Hakuyafuta maneno yake. Aliyapigia mstari kwa rula, na chini yake, kwa herufi za kihandisi zilizosimama kama nguzo, akaandika: Mkuu alilala. Akaweka sahihi, akauliza leo ni tarehe ngapi, akaiandika.

"Sasa litaenea mtaani," nikamwambia.

"Najua. Nilimwona fundi akisoma."

"Mimi sijaona kitu," fundi alisema. "Sina miwani."

Daktari alikuwa amekwishavuta kiti. Alitaka kila mstari wa bomba ulinganishwe na daftari lake, mwaka kwa mwaka, akiandika pembeni. Nikakaa na katoni mapajani, nikaanza kusoma kwa sauti kutoka mwaka wa kwanza, vituo vyote mahali pake. Bwana Rula aliketi upande wa pili wa meza kupima unene. Aliniambia nisome polepole. Nikamwambia apime haraka.

Tulikuwa hapo hadi kivuli cha dirisha kikavuka meza. Simu yangu ililia. Alikuwa mke wangu, akiuliza kama nimesahau njia, maana chakula kimepoa mara mbili.

"Siwezi kuja sasa, mama. Niko mwaka wa kumi na tisa."

"Wa kumi na tisa wa nini?"

"Mwambie shemeji," Bwana Rula alisema bila kuinua macho kwenye rula, "imebaki kumi na miwili, na kwamba mume wake anasoma vizuri."

Nikamwomba arudie sentensi ya mwisho, kwa sauti zaidi, karibu na simu.